Maziwa Hayana Breki

Binti yangu Furaha alikuwa anasoma daftari lake la fizikia kwa sauti, hapa nyumbani Nakivale, na mimi nimejilaza kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, kama ilivyo haki ya mtu aliyeacha kazi. Shuleni wanafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo akifika nyumbani anageuza kila kitu kwa Kiswahili ili ajue kama kimeingia kichwani. Akasema, "Kitu kikiwa kwenye mwendo, kitaendelea na mwendo wake, moja kwa moja, mpaka nguvu nyingine ije kukizuia." Nikafumbua macho. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza nani amewaambia habari hiyo.

"Ni kanuni, papa. Iko mu kitabu. Ziko tatu."

Usingizi ukaisha palepale. Miaka kumi na mbili nilikuwa nimeficha jambo moja, nikidhani linajulikana na watu wawili tu, mimi na Mungu. Kumbe wamelichapa kitabuni na wanalifundisha watoto wa sekondari! Wiki ileile nikapanda gari kwenda Mbarara kumtafuta Afande, mkubwa wangu wa kazi wa zamani, nimrudishie jina lake zuri ambalo nilimharibia. Hayo ndiyo nawaandikia, nyinyi vijana mnaobeba maziwa. Lakini siwezi kuyasema kabla hamjajua kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu nyinyi mna pikipiki na mnafikiri maziwa yalianza kusafiri juzi.

Nilifika Uganda mwaka wa tisini na sita, natoka Kivu ya Kusini, fasi za milimani. Nilifika na viatu viwili visivyofanana na ujuzi mwingi wa ng'ombe, bila ng'ombe hata mmoja. Nilikuwa pia mlokole, tena mlokole wa kujulikana. Niliombea chakula, niliombea baiskeli, niliombea hata matairi kabla ya kuyapiga pampu. Afande alipoona hivyo akaniita Pasta, na jina likanigandia mpaka leo.

Afande ndiye aliyenipa kazi. Alikuwa askari wa Uganda aliyekwisha kuvua magwanda. Mke wake, Mama Grace, aliishi Mbarara jirani na kambi ya jeshi, na Afande mwenyewe alikodi chumba Endiinzi kwa ajili ya maziwa. Asubuhi tulizunguka kwenye mazizi, tukajaza mitungi ya chuma, tukaifunga kwenye baiskeli, mmoja kushoto, mmoja kulia, na wa tatu juu ya keria. Tulikatiza hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukashuka mlima mpaka barabarani, ambako lori la kwenda Mbarara lilitungojea. Au halikutungojea. Dereva wa lori alikuwa mtu wa haraka, na maziwa ya saa nne asubuhi hayawezi kusubiri hisani ya mtu.

Siku ya kwanza nilikwama kwenye matope. Nikainama nyuma ya baiskeli, nikasukuma kwa nguvu zangu zote na kwa jina la Bwana. Baiskeli haikusogea hata kidogo. Miguu yangu ndiyo iliyorudi nyuma, nikalala kifudifudi. Afande alikuwa amesimama pembeni, mikono mgongoni, kama anakagua gwaride.

"Pasta! Wewe nasukuma baisikeli ama nasukuma Uganda?"

"Nasukuma baiskeli, Afande."

"Hapana. Baisikeli iko nakusukuma wewe. Na iko nashinda! Leta majani, weka chini ya mguu."

Nikakata majani, nikayatandika, nikakanyaga, nikasukuma. Baiskeli ikatoka. Furaha anasema hiyo ndiyo kanuni ya tatu: ukisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile, na kama mguu wako hauna pa kushika, atakayeondoka ni wewe. Afande hakuwahi kusoma kitabu chochote cha fizikia. Alijua tu, na alijua kwa kelele.

Breki zetu mngeziona mngecheka. Zile za mpira zilikwisha ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo tulivaa makubadhi ya tairi la gari, na kwenye mteremko unaingiza mguu nyuma, unakandamiza soli juu ya gurudumu. Moshi unatoka, soli inanuka, unasimama. Usikandamize ghafla, unakandamiza na kuachia, kandamiza na kuachia. Na unaanza mapema kabisa, kwa sababu mitungi mitatu iliyojaa ni migumu kuianzisha na ni migumu vilevile kuisimamisha. Vijana wa pikipiki, na nyinyi hili linawahusu. Mnabeba mara mbili ya mizigo yetu, halafu mnashika breki mkiwa mmekwisha kumfikia ng'ombe. Ng'ombe hasogei, anawatazama tu.

Sasa sikilizeni sheria ya Afande, maana kila kitu kilitoka hapo. Alisema mtungi ujae mpaka shingoni, na juu ya maziwa uweke kipande cha jani la mgomba lililooshwa, ndipo ufunike. Au mtungi uwe mtupu. Katikati, hapana.

"Kwa nini katikati hapana, Afande?"

"Baisikeli iko na breki. Wewe iko na breki. Maziwa haina breki. Wewe nasimama, yeye nasema, mimi bado naenda."

Mtungi uliojaa, maziwa hayana nafasi ya kukimbilia, yanakaa kama jiwe. Ukiyapunguza kidogo tu, yanapata uwanja wa kucheza. Unakata kona kushoto, yenyewe bado yanakwenda kule yalikokuwa yakienda. Yanagonga ubavu wa mtungi, mtungi unavuta baiskeli, na baiskeli haina budi kumfuata mkubwa wake. Kwa ajili hiyo Afande alifungua kila mtungi wa kila kijana kabla ya mteremko, akachungulia ndani. Kijana mgeni hakuruhusiwa kushuka mlima ule na mzigo. Afande alifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe, akapanda, akashuka na baiskeli yako mpaka chini, kisha akapanda mlima kwa miguu kuja kuchukua nyingine. Mwaka mzima alinishushia yangu.

Na ile ya kwangu hakuwa anaifungua. Aliniuliza tu, "Pasta, imejaa?" Nikisema imejaa, inatosha. Aliwaambia wenzangu mbele yangu, "Huyu mtu ya Mungu hasemi uongo. Nyinyi wote, fungua!"

Haya. Kanisa letu pale kambini lilikuwa na wajane wengi na watoto wengi, na chai yao ilikuwa nyeusi. Tulifundishwa kutoa fungu la kumi. Mimi sikuwa na shamba, sikuwa na mbuzi. Nilikuwa na mitungi mitatu ya maziwa inayopita mlangoni pa kanisa kila asubuhi. Nikajiambia, wenye ng'ombe wa kule mazizini wengi wao hawatoi fungu la kumi, roho zao ziko hatarini, basi mimi nitawasaidia. Nikawa nasimama kwa kina mama wa kanisa, nachota sehemu ya kumi kwenye kila mtungi, namimina kwenye sufuria yao, tunaomba, naendelea. Mnaona wema huo? Nilitoa sadaka ya maziwa ya watu, bila wenyewe kujua, na nilibarikiwa sana. Wajane waliniimbia nyimbo.

Kule kwenye lori walihesabu mitungi tu siku zile, fimbo ya kupimia ilikuwa bado haijaja, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Wezi wa kawaida walichota na kujazia maji. Mimi nilikuwa mcha Mungu, siwezi kutia maji kwenye maziwa ya watu, ni dhambi. Kwa hiyo mitungi ya wezi ilikuwa imejaa, inakaa kama jiwe, na mitungi ya mlokole ilikuwa inacheza.

Mwanzoni nilichota kidogo, haikudhuru. Kisha ikaja juma la mfungo kanisani. Wajane waliongezeka, nikawa natoa na fungu la wiki iliyopita, ambayo nilikuwa mgonjwa. Nilichota sana siku hiyo. Nilipofika juu ya mlima Afande alikuwa na haraka, lori lilikwisha kupiga honi kule chini. Alikaza kamba zangu, akavuta fundo la mwisho kwa meno kama kawaida yake.

"Pasta, imejaa?"

"Imejaa, Afande."

Akapanda. Nilimwona akiingiza mguu nyuma, soli ikaanza kutoa moshi, vizuri kabisa. Akafika kwenye kona ya kichuguu. Akakata. Na mimi nikiwa kule juu nikasikia mitungi ikilia, gudu, gudu, sauti ambayo mtungi uliojaa hautoi kamwe. Baiskeli haikukata kona. Ilimbeba Afande moja kwa moja, ikampeleka korongoni.

Nilikimbia mpaka nikaanguka mara mbili. Nilimkuta amelala chini, mguu wa kulia umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki, na maziwa yote yamemwagika, yanateremka taratibu kwenye mchanga. Hakulia. Alikuwa anatazama baiskeli. Kamba zilikuwa zimelegea kwa kule kuanguka, na mtungi mmoja umechomoka.

"Kamba?" akaniuliza. "Pasta, ilikuwa kamba yangu?"

Vijana, mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Maneno yalikuwa mawili tu, nilipunguza maziwa. Nikatazama mitungi mitupu, nikaona hakuna ushahidi uliobaki duniani.

"Labda ni kamba, Afande," nikasema.

Labda! Neno dogo hivyo. Tulimpakia kwenye lori, nikamshika kichwa njia nzima mpaka hospitali ya Ruharo, namwombea kwa sauti, na yeye ananishukuru. Ndiyo, ananishukuru. Kila nikikumbuka hilo natamani nijifunike blanketi mchana kweupe.

Mguu uliungana, lakini haukunyooka tena. Akarudi kwa mke wake Mbarara, na baiskeli akaiacha. Watu wa kituo cha kukusanyia maziwa cha Bwizibwera wakamchukua awafundishe vijana wao kupakia. Na hapo Afande akabuni kamba ya tatu. Mnaijua, hata leo mnaifunga kwenye pikipiki: inapita chini ya tandiko, inazunguka shingo za mitungi, inarudi kufungwa mbele. Inakula dakika kumi kila asubuhi na haina kazi yoyote. Aliibuni kwa sababu aliamini mafundo yake yalimsaliti. Kila kijana mpya alimwonyesha mguu wake kwanza. "Ona hii. Mimi, mwalimu yenu, nilifunga vibaya. Nikaanguka. Sasa funga tatu." Alijidharau mbele ya watoto, kila wiki, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama Grace alikuwa mama mkarimu lakini mdomo wake haukuwa na kifuniko. Mezani, sufuria ikiinama kidogo, alisema, "Bambi, masikini, hii sufuria iko nakaa kama mzigo mzee yangu nafunga." Akimtuma Afande kufunga mbuzi, alikwenda kukagua fundo nyuma yake, na wageni wanaona. Nilikuwepo mara nyingi, nakula chakula chao, nabariki meza. Afande alitazama sahani yake tu. Huyo ni mtu aliyekuwa akifokea kikosi kizima.

Basi ndiyo siku ile Furaha akasoma daftari lake. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kazi, magoti yamekataa. Nilifika Mbarara asubuhi, nikamkuta Afande uani anatwanga karanga za mke wake, Mama Grace yuko jikoni. Nikaketi kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima kwenye gari. Ikapotea yote.

"Afande, mitungi haikuwa imejaa."

"Mitungi gani?"

"Ile ya siku ile. Nilikuwa nachota. Fungu la kumi, la wajane. Niliposema imejaa, nilisema uongo. Kamba yako haikuwa na kosa."

Akaacha kutwanga.

"Wewe nachota maziwa ya watu."

"Ndiyo, mzee."

"Na maji wewe hapana weka?"

"Sikuweka. Niliona ni dhambi."

"Pasta!" Akapiga mchi chini. "Mwizi muzima! Hata kuiba wewe hapana jua! Ungeweka maji tu, mimi leo iko natembea muzuri!"

Nilifikiri atanipiga, na ningemwacha anipige. Hakunipiga. Akasema kwa sauti ndogo, "Miaka kumi na mbili. Mimi nalala, nafunga hiyo kamba katika kichwa. Nafunga, nafungua. Natafuta wapi nilikosa." Kisha akainua kichwa, akaita kwa sauti ya gwaride, "Mama Grace! Kuja hapa! Pasta, sema tena. Sema na nguvu."

Nikasema tena. Mama Grace akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimtazama mume wake, akanitazama mimi, akarudi jikoni, na chakula cha siku hiyo sikukibariki mimi, walikula wakaniacha nikinywa maji.

Afande akanipa amri moja. Niende Bwizibwera, niwaambie vijana wote aliowafundisha, mmoja mmoja. Nikaenda. Hapo ndipo nilipojua kuwa uongo nao ukishaanza mwendo haushiki breki. Nilimwambia wa kwanza, akacheka, akasema, "Mzee, wewe unamupenda sana Afande." Wa pili akasema nimekuja kumfariji rafiki yangu na Mungu atanilipa. Wa tatu alikasirika, akanambia nisimchezee mwalimu wake, kamba ya tatu imemwokoa mara ngapi. Miaka yote mimi nasema uongo wananiita mtu wa Mungu anayesema kweli. Nilipoanza kusema kweli, wakaniona mzee mwenye huruma anayesema uongo. Nikachoka. Nikarudi Nakivale, nikamwambia Afande kwa simu kwamba nimewaambia wengi. Wengi! Walikuwa watano. Akafurahi, akasema asante, Pasta.

Mwaka huu Afande amefariki. Tulimzika shambani kwake, adhuhuri, migomba pande zote. Walikuja askari wa zamani na wake zao, na vijana wa Bwizibwera wakaja na pikipiki zimepangwa mstari mmoja. Kijana mmoja akachaguliwa kusema. Akasema vizuri, kwa heshima kabisa. Akasema Afande alikuwa mtu mnyenyekevu, alifunga vibaya mara moja tu maishani mwake, akavunjika mguu, na badala ya kuficha kosa lake akaligeuza somo. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kambi ya jeshi, nyuma yangu, akasema, "Masikini, kumbe hakujua kufunga."

Nikasimama. Magoti yalikataa kwanza, yakakubali baadaye. Nikasema nina neno. Nikalisema lote, wajane, sufuria, juma la mfungo, imejaa Afande, labda ni kamba. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Nikaona nyuso zinanionea huruma, na yule kijana akanishika bega taratibu, anataka kuniketisha, akisema, "Pole, mzee, tunajua ulimupenda. Kaa tu." Na nilikuwa nakaa kweli, vijana, sitawadanganya tena, nilikuwa nimekwisha kuinama kukaa.

Mama Grace ndiye aliyeinuka. Wanawake wawili walikuwa wamemshikilia, akawaondoa mikono. Mama yule ambaye kwa miaka kumi na mbili alikagua kila fundo la mume wake mbele ya wageni alikwenda mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake.

"Pasta iko nasema kweli," akasema. "Mimi nilisikia, nikiwa mlangoni ya jiko yangu. Na nikanyamaza, kwa sababu sikujua namna ya kuomba musamaha. Sikieni nyinyi wote. Mzee yangu alijua kufunga."

Vijana wale waliobeba jeneza walipoanza kulishusha, waliniita na mimi nishike kamba.